Kujitolea kwenye makumbusho ya historia: omba upangiwe ghalani

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nitaieleza mbele.

Wengi wetu tunaojitolea kwenye makumbusho ya historia ya mahali tunapoishi tunaingia tukitaka kuzungusha wageni na kusimulia mambo ya kale. Nafasi hizo zipo, nami nilianzia huko. Ila ukishayakariri maelezo ya vyumba, unayarudia mpaka sauti yako mwenyewe inakuchosha. Kazi yenye utamu iko ghalani. Vitu vinavyooneshwa kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya mkusanyiko. Vilivyobaki vimepangwa kwenye rafu na maboksi, na vingi vinasubiri mtu wa kuvifungua na kuviandika.

Mafunzo yalikuwa mafupi, tena ya maana. Kalamu ya wino haiingii ghalani, ni penseli tu, maana penseli ikigusa barua ya zamani hufutika. Glavu nazo hazivaliwi kila wakati. Kwenye picha na vyuma zinahitajika, kwa sababu vidole huacha chumvi na mafuta. Kwenye karatasi ni afadhali mikono mitupu, iliyonawiwa na kukauka, kwani glavu ya kitambaa hupunguza hisia za vidole na ukurasa ukachanika kabla hujajua. Kuhusu mwanga, nguo na karatasi huoneshwa kwenye takriban laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), ambayo ni hafifu kweli. Rangi iliyopauka haitarudi hata kitu kikifungiwa gizani mwaka mzima. Wageni wanaolalamika kwamba tunabana umeme huwa nawapa jibu hilo, na wengine huondoka bila kuamini.

Kitu kipya kikiletwa, hakipelekwi rafuni moja kwa moja. Kinatengwa kwanza, kinakaguliwa kama kina wadudu. Nguo ya sufu yenye dalili za nondo hufungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa wiki moja au zaidi. Baadaye inapewa namba, kwa kawaida yenye mwaka, mfuatano wa zawadi ndani ya mwaka huo, na kitu chenyewe: kwa mfano 1987.14.3. Nguo hushonewa utepe wenye namba. Chungu hupakwa kwanza vanishi maalumu inayoweza kuondolewa, ndipo namba inaandikwa juu yake. Msingi ni kwamba chochote tunachofanya leo, mwingine aweze kukitengua kesho. Ndiyo maana selotepu ghalani ni adui.

Lakini kilichonishika hasa ni picha. Zipo nyingi zisizo na neno hata moja nyuma, watu wamesimama wima wanakutazama, na hakuna anayejua ni akina nani. Siku moja alikuja mzee kuleta barua za marehemu kaka yake, msimamizi akamwomba atazame picha tulizokuwa nazo mezani. Moja tulikuwa tumeiweka kwenye bahasha ya miaka ya daraja jipya. Akacheka. "Mwanangu, hii ni kabla ya daraja. Huoni kivuko kile pale nyuma?" Kweli, pembeni kulikuwa na kipande cha kivuko ambacho sote tulikuwa tunakipita tu. Akataja na majina mawili. Tukayaandika pamoja na jina lake na tarehe aliyotuambia, na maelezo ya zamani hatukuyafuta. Hilo nimelipenda sana: daftari halisemi tu kitu ni nini, linasema pia nani alisema. Akitokea mwingine mwenye habari tofauti, zote mbili zitakaa hapo, na mtafiti atapima mwenyewe.

Sasa hiyo nyota moja. Msimamizi ni mmoja na maboksi hayaishi, kwa hiyo swali dogo linaweza kusubiri hadi zamu ijayo. Vitu kadhaa vililetwa zamani bila hati ya makabidhiano, na bila hati hiyo makumbusho hayana uhakika kama ni mali yake au viliazimwa. Huwezi kuvitoa, na hata kuviazimisha ni taabu. Kwenye kompyuta nako, huyu ameandika "taa ya mafuta", yule "kandili", ukitafuta unapata nusu. Orodha moja ya maneno ingemaliza jambo hili, na naona ingefaa iwepo kabla ya kupokea watu wapya. Pia sipendi pale wa kujitolea wanapopewa kazi ambayo ingepaswa kuwa ya mtu anayelipwa. Kusaidia ni sawa, kuziba pengo la ajira si sawa.

Ukiwa mtu wa kutaka kuona matokeo haraka, utaboreka. Ukipenda kukaa na boksi moja mpaka lieleweke, utajisikia nyumbani. Kabla ya kukubali, uliza nani atakuelekeza, zamu ni za muda gani, kama nauli inarudishwa, na kama jina lako litaandikwa kwenye kumbukumbu unazozitengeneza. Mwenye pumu aseme mapema, vumbi na ukungu wa karatasi za zamani si mchezo.