Ledger Nano S Plus na bamba la chuma: uzoefu wangu wa kutunza kripto nje ya mtandao

Nano S Plus ni kifaa cha kampuni ya Ledger cha kutunzia kripto (sarafu za kidijitali), na ina ukubwa wa flashi ya kompyuta: vitufe viwili, kioo kidogo, tundu la USB-C. Haina betri wala Bluetooth, na kwangu hiyo ni sifa, maana kitu kisicho na betri unakitupa kwenye droo miaka mitatu na ukikichomeka kinawaka. Ilitoka 2022 kwa dola 79. Ukiiagiza hadi Nairobi ongeza usafiri, VAT ya 16% na ada nyingine za forodha, kwa hiyo mwenye sarafu zenye thamani ya shilingi elfu kumi asijisumbue. Pesa ya kuzungusha ikae kwenye pochi ya simu, kama nauli inavyokaa M-Pesa. Hii ni ya ile pesa ambayo ungeipeleka SACCO ukaisahau.

Kazi yake ni kushika ufunguo wa siri, ile namba inayoruhusu sarafu zako kutumwa, ndani ya chipu na kutia sahihi muamala humo humo, ufunguo usitoke nje. Matapeli wanaohamisha namba yako kwenye laini yao wanaweza kukusafisha kwenye soko la kripto la mtandaoni linalotuma namba za kuingilia kwa SMS. Hapa hakuna SMS ya kuiba.

Agiza kutoka kwa kampuni yenyewe au muuzaji anayetambuliwa nayo. Cha mitumba sikigusi, hata kiwe nusu bei. Kifaa halali hufika bila PIN na bila maneno ya siri, yaani nakala ya ufunguo iliyoandikwa kwa maneno. Wewe ndiye unayechagua PIN (tarakimu 4 hadi 8), na maneno 24 hujitokeza kwenye kioo chake mara ya kwanza. Ukikuta kwenye boksi kikaratasi chenye maneno tayari yameandikwa, huo ni mtego: mwenye nakala anasubiri uweke pesa tu. Programu yake ya kompyuta hukagua kama chipu ni ya kweli, usiiruke hatua hiyo. Jambo jingine: 2020 orodha ya wateja wa Ledger ilivuja, ikiwa na majina, simu na anwani za watu wapatao 272,000. Funguo za watu hazikuguswa, ila tangu hapo mimi ni wa kuchukulia mzigo kwa sanduku la posta. Mlango wa nyumba haupaswi kujulikana na orodha ya wenye kripto.

Kebo inayokuja nayo ni ya kompyuta. Kwa simu ya Android tafuta kiunganishi cha OTG (cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu) au kebo ya USB-C pande zote mbili, na hakikisha inapitisha data. Nyingi za bei ya chini mjini zina nyaya za kuchajia tu: kifaa kinawaka, simu haikioni, na mtu anaanza kulaumu kifaa. Wa iPhone watafute modeli nyingine.

Sasa maneno 24, ambayo ndiyo pochi yenyewe. Kifaa kikiibiwa au kikikanyagwa na gari, maneno yanarudisha kila kitu kwenye kifaa kingine, hata cha kampuni nyingine inayofuata mfumo huo huo wa maneno, uitwao BIP39. Maneno yakipotea na kifaa kikafa, hakuna ofisi ya kwenda kulia. Usiyapige picha, kwa sababu simu nyingi hupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni zenyewe. Usiyachapishe saiba, na usiyapeleke huko kufunikwa plastiki. Karatasi tupu ya kuyaandikia inayokuja kwenye boksi inafaa wiki ya kwanza tu. Aliyeona maji ya Aprili 2024 yakiingia nyumba za watu hapa Nairobi haelezwi kwa nini.

Mimi huyagonga kwenye bamba la stenlesi. Mafundi wa Kamukunji na wa Industrial Area wana vipande vinavyobaki. Omba cha unene wa milimita 2 au 3, kikatwe milimita 100 kwa 120, kingo zipigwe tupa zisikate vidole. Nenda na sumaku: stenlesi ya 304 haiishiki, au huishika kidogo sana. Usikubali alumini kwa sababu ni laini kugonga. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, na moto wa nyumba hupita hapo. Stenlesi husubiri hadi karibu 1,400.

Stempu za herufi za kugonga kwa nyundo huuzwa kwa seti kwenye hardware. Za milimita 4 zinatosha. Chagua zile ngumu, maana za bei rahisi hupoteza makali stenlesi ikizigomea, ukafika neno la kumi herufi E inasomeka F. Kazi si kubwa kama inavyoonekana. Orodha ya BIP39 ina maneno 2,048 ya Kiingereza, kuanzia abandon hadi zoo, na herufi nne za kwanza zinatosha kutofautisha kila neno. Unagonga ABAN badala ya neno zima, na yenye herufi tatu unayagonga yalivyo, hivyo herufi hazizidi 96. Panga safu mbili za maneno 12, kila neno na namba yake, kwa sababu mpangilio ukichanganyika maneno hayo hayo hayafungui kitu.

Chora mistari kwa msumari kila milimita 8. Bandika utepe chini ya mstari, egemeza stempu hapo, kisha piga pigo moja zito kwa nyundo ya kilo moja. Pigo la pili ndilo linaloharibu: stempu imeshasogea, herufi inatoka mbili. Chini ya bamba weka kitu kizito cha chuma. Ubao hudunda na vigae vya sakafu hupasuka. Fanya mchana, kama hutaki jirani wa chini aje kubisha hodi. Na ugonge mwenyewe: fundi akikugongea, pochi ni yenu wawili.

Kabla ya kuweka hata senti, fanya jaribio ambalo wengi huliogopa. Nakili anwani ya kupokelea kripto inayotolewa na kifaa, kisha kosea PIN mara tatu kwa makusudi. Kifaa kinajifuta. Rudisha kwa kusoma bamba, si karatasi. Kwa vitufe viwili jipe kama dakika ishirini. Anwani ile ile ikirudi, bamba lako linasomeka na karatasi unaweza kuichoma. Isiporudi, umepoteza jioni moja tu.

Kwenye kutuma, soma anwani kwenye kioo cha kifaa, si cha kompyuta. Kuna virusi vinavyobadilisha anwani uliyonakili, na wanaolinganisha herufi nne za mwisho peke yake ndio wanaonaswa. Kosa la pili ni la watu wa USDT (sarafu inayofuata thamani ya dola), ambao hapa ni wengi: wanapokea kwenye mtandao wa Tron, anwani inayoanza na T, halafu wanashindwa kuitoa. Ada hapo hulipwa kwa TRX, sarafu ya Tron yenyewe. Tanguliza TRX kidogo, inaamsha hiyo anwani pia, ndipo ulete USDT.

Kuna neno la ziada la hiari, linaloitwa la 25, unalolitunga mwenyewe hadi herufi 100. Lina nguvu, lakini halina msamaha: ukikosea herufi kubwa au nafasi, kifaa hakisemi umekosea, kinafungua pochi nyingine, tupu. Silipendekezi kwa anayeanza.

Bamba likae mbali na kifaa. Langu liko ushago, kifaa kiko Nairobi. Usilikate nusu kwa nusu ukidhani umeongeza ulinzi, kwa maana nusu moja ikipotea umepoteza zote. Na mtu mmoja wa nyumbani ajue lilipo na ni la nini, bila kulazimika kulisoma leo.