AUTOMATIC1111: je, ukirudia namba utapata picha ileile?

Karibuni tena, wadau. Leo tupo na AUTOMATIC1111, programu ya bure ya kuendeshea Stable Diffusion, modeli ya akili bandia inayogeuza maneno kuwa picha, kwenye kompyuta yako mwenyewe. Sitaizungumzia yote, tutakesha. Swali langu ni moja: leo imekupa picha nzuri, kesho mteja anasema "badilisha rangi ya kilemba tu, mengine yaache", je, unaweza?

Tuingie kwenye skrini. Nimeandika mama muuza samaki, kilemba chekundu, soko la Feri, jua la asubuhi. Nimeandika kwa Kiingereza, maana modeli hii, Stable Diffusion toleo la 1.5, kwa Kiswahili inapapasa. Nabonyeza. Huyu hapa. Nabonyeza tena bila kugusa neno. Mama mwingine kabisa, na samaki wamehamia upande wa pili!

Ni hivi: modeli haianzi na karatasi nyeupe. Inaanza na chengachenga, kama zile za televisheni ikipoteza antena, halafu inazisafisha hatua kwa hatua mpaka picha itokee. Zile chenga za mwanzo ndizo zinazoamua uso utakaa wapi na kivuli kitaangukia wapi. Nazo zinatokana na namba moja, iliyopo kwenye kisanduku hiki cha Seed. Mimi naiita mbegu. Hapa pameandikwa -1, maana yake programu ijichagulie yenyewe kila mara. Ndiyo maana mama anabadilika.

Sasa hii alama ya kijani ya kurejeleza inarudisha mbegu ya picha iliyopita. Nabonyeza, natengeneza tena... yuleyule, mpaka mikunjo ya kanga. Nabadilisha neno moja, kilemba kiwe bluu. Mkao umebaki, soko limebaki. Uso umeyumba kidogo, mnauona? Maana neno jipya linagusa picha nzima, si kilemba peke yake. Kwa mteja mkali, ukiwa na mbegu ileile bado utahitaji inpaint, yaani kupaka eneo la kilemba tu ili lichorwe upya hilo peke yake.

Msidhani mbegu 1000 na 1001 ni ndugu. Hazina uhusiano wowote. Ukitaka mabadiliko madogo, weka tiki kwenye Extra, upate mbegu ya pili na kipimo cha kuanzia 0 hadi 1. Kwenye 0.1 mama ni huyuhuyu, kageuza shingo tu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele bora humu ndani, na wengi wanakipita bila kukiona.

Haya, tuje kwenye mitego. Ukibadilisha ukubwa wa picha, umebadilisha na chenga zenyewe. Picha ya 512 kwa 512 inaanza na chenga za gridi ya 64 kwa 64. Ukiirefusha, gridi ni nyingine na mama ni mwingine. Sampla, yaani njia ya kusafisha chenga unayoichagua kwenye orodha, nayo ina mambo yake. Sampla iitwayo Euler a inaongeza chenga mpya katika kila hatua, kwa hiyo hatua 20 na hatua 40 zinaweza kukupa picha mbili tofauti kwa mbegu ileile. DPM++ 2M Karras inatulia; ukiongeza hatua, picha inanoga bila kuhama sana. Kama kazi yako inataka uthabiti, tumia hiyo.

Mtego unaoniudhi kuliko yote: unampa mwenzako mbegu, modeli, kila kitu, yeye anapata picha tofauti. Programu hii kwa kawaida inazalisha chenga kwenye kadi ya grafiki, na kadi za aina tofauti zinaweza kuzalisha chenga tofauti. ComfyUI, programu nyingine ya kuendeshea Stable Diffusion, inazizalisha kwenye CPU, yaani kichakato kikuu cha kompyuta. Dawa ni kwenda Settings, kutafuta chanzo cha namba nasibu, na kuweka CPU. Kwa nini isiwe hivyo tangu mwanzo? Sielewi. Hata hivyo kwa ComfyUI msitegemee ulinganifu kamili, kwa sababu uzito wa maneno, yaani neno lipi litiliwe mkazo zaidi, nao inaupiga hesabu kwa namna yake. Na mkiwasha xformers, nyongeza ya kuharakisha kazi, tofauti ndogondogo zinaweza kubaki.

Kitu ninachokisifia bila kinyongo ni ukurasa wa PNG Info. Buruta picha ya zamani hapa, inakutajia mbegu, sampla, hatua, modeli, kila kitu. Ila usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo zinafutika. Itume kama dokumenti.

Najua kuna anayeuliza: nataka mama huyu awe kwenye kurasa kumi za kitabu cha watoto, mara yuko jikoni, mara kwenye daladala. Kwa hilo mbegu haitakusaidia. Mbegu inashika picha, haimshiki mtu. Ukibadilisha mandhari, sura nayo inaondoka. Hapo unahitaji IP-Adapter, nyongeza unayoiwekea picha ya mfano, au LoRA, faili dogo la kuongezea modeli, uliloifundisha sura hiyo. ControlNet, nyongeza nyingine ya mwaka 2023, itakushikia mkao, si uso.

Hukumu yangu: kwa mtu mwenye kadi ya grafiki ya Nvidia yenye VRAM, yaani kumbukumbu ya kadi yenyewe, ya GB 4 au zaidi anayefanya mabango, nembo na marekebisho ya wateja, naipa nane kwa kumi. Moja imepotea kwenye mpangilio ule wa CPU. Nyingine ni kwa sababu ukifunga dirisha, mipangilio yako ya jana hairudi yenyewe. Lazima ubonyeze kamshale kadogo karibu na kitufe cha Generate huku kisanduku cha maneno kikiwa tupu, au ukaitafute kwenye picha uliyohifadhi.