Mtungi wa "maputo 30" umetoa 16: nimejaribu maputo ya heliamu hapa Mtwara

Haya wadau, karibuni tena sebuleni kwangu, Shangani, Mtwara. Feni nimeizima makusudi. Ikiwaka, haya madude yote yanakimbilia pembeni na sitaweza kuwaonyesha kitu, kwa hiyo mkiniona natiririka jasho mjue ni kwa ajili yenu. Leo ni maputo ya gesi. Mapulizo, tulivyokuwa tunayaita utotoni. Harusi zimefuatana, kila mtu ananiuliza anunue yapi.

Mezani nina la mpira la sentimita 28, nina la foili, lile la kung'aa kama karatasi ya chokoleti, na huu mtungi mdogo wa heliamu, ukiisha unatupa.

Naanza na mtungi maana ndio uliokula hela. Boksi limeandikwa "maputo 30". Nimejaza, nimepata 16, la 17 likatoka limesinyaa kama embe la wiki mbili. Nikasema hapa nimepigwa. Nikampigia muuzaji, nikamwakia. Baadaye ndiyo nasoma maandishi ya chini kabisa: 30 ni ya sentimita 23. Utasema, sentimita 5 tu hizo! Lakini ujazo haukui kama upana. Upana unauzidisha kwa wenyewe, halafu tena kwa wenyewe. Ukitoka 23 kwenda 28, gesi inayoingia ni karibu mara 1.8. Gawa 30 kwa 1.8 uone: 16 na kitu. Kaka yangu wa dukani, kama unaangalia, nisamehe.

Sasa kwa nini linapaa? Wengi wanadhani heliamu ina nguvu yake ya kwenda juu. Haina. Heliamu nayo ina uzito, inavutwa chini kama mimi na wewe. Anayelinyanyua puto ni hewa iliyolizunguka. Nenda ufukweni na dumu tupu la lita 20, lifunge, jaribu kulizamisha. Utalikalia na bado litakutupa. Dumu halina injini! Maji ya chini yake yanasukuma kwa nguvu kuliko ya juu yake, na tofauti hiyo ni sawasawa na uzito wa maji ambayo dumu limeyapisha, kilo 20 na ushei kwa maji ya bahari. Archimedes, yule Mgiriki wa Syracuse, aliliandika hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Na sisi tumezama vilevile, ila kwenye hewa. Kwa joto letu hili, lita moja ya hewa ina gramu 1.16 hivi. Lita ya heliamu, gramu 0.16. Toa. Inabaki gramu moja. Yaani kila lita ya heliamu uliyoilipia inakubebea gramu moja, basi.

Puto hili la 28 linachukua kama lita 14, kwa hiyo gramu 14. Mpira wenyewe una gramu 3. Zinabaki 11. Na hapa Mtwara mtu akitaka mawe ya mizani madogo anatumia nini? Korosho! Hizi ni W320, maana yake zikifika punje 320 ni ratili moja, kwa hiyo punje moja ni gramu 1.4. Nimefunga kimfuko cha nailoni na uzi, gramu moja hivyo vyote. Tia moja... mbili... tano, bado linapanda. Sita. Saba, oneni, limesimama hapa usawa wa kifua, halijui liende wapi. Ya nane: chini.

Hiki kidogo cha ukubwa wa ngumi nimekijaza heliamu ileile, kimelala mezani. Kina nusu lita tu ndani, na mpira wake umezidi nusu gramu. Kwa hiyo msininunulie vijiputo vidogo mkalaumu gesi. Na lile nililopuliza kwa mdomo nalo linaanguka, kwa sababu hewa ya ndani imebanwa kuliko ya nje, juu yake ubebe na mpira.

Kuna mdau aliuliza: si tuna gesi yetu ya Mnazi Bay, kwa nini tusijazie hiyo? Swali zuri kuliko unavyodhani. Ile kwa sehemu kubwa ni methani, na methani ni nyepesi kuliko hewa. Kwa hesabu, puto hili lingepaa, ila lingebeba korosho mbili tu. Shida ni moto. Puto la methani karibu na mshumaa wa keki, hapana, naomba mtu asijaribu. Na gesi ya mtungi wa jikoni ni habari nyingine kabisa: propani na butani ni nzito kuliko hewa, zinashuka na kutambaa sakafuni. Ndiyo maana ikivuja unafungua milango hadi chini, huwashi kitu.

Haidrojeni je? Uzito wake ni nusu ya heliamu, ungetegemea ibebe mara mbili. Inakuongezea asilimia 8 tu, kwa sababu kinachohesabika ni tofauti yake na hewa, na heliamu imeshachukua karibu tofauti yote. Na kwa asilimia 8 hiyo unajitwika moto: ikumbukeni Hindenburg, ile meli ya angani ya Kijerumani iliyojazwa haidrojeni, ikaungua mwaka 1937.

Turudi kwenye bidhaa. La mpira limejazwa saa mbili usiku, asubuhi limeshuka usawa wa meza. Atomu za heliamu ni ndogo mno, zinapenya kwenye mpira wenyewe, hata fundo ukilifunga vipi. La foili lina siku ya sita na bado liko darini. Sherehe ya jioni moja, chukua la mpira, ujaze mchana uleule. Ukitaka likae wiki, foili, lakini usilijaze likakaza halafu ukaliacha juani: gesi inatanuka, foili haivutiki, inapasuka kwenye mshono. Na lisikuponyoke karibu na nyaya, foili inapitisha umeme. Kuyaachia angani kwa mbwembwe ndiyo siungi mkono kabisa, yanaishia baharini na kasa wanayala.

Mtungi? Kwa nyumbani sawa, maputo 16 yanatosha ukuta mmoja. Ukumbi mzima, tafuta mpambaji mwenye mtungi mkubwa. Na usivute ile gesi kutoka kwenye mtungi ili uongee kama katuni. Inafukuza oksijeni mapafuni, watu wamekufa.

Ah, niliyasahau ya njiani! Tumeyabeba kwenye gari, vioo vimefungwa. Dereva akakanyaga breki, sisi wote mbele, maputo yakaenda nyuma. Hewa nayo ilikimbilia mbele kama sisi, ikayasukuma. Shangazi alikuwa siti ya nyuma, yamemjaa usoni, kasema hapandi tena gari lenye mapepo.

Ngojeni nipime la jana kwa korosho zilezile, tuone limebakiwa na... Hizi zilikuwa nane. Sasa hivi ni tatu. Wewe mtoto, njoo hapa!