Spora au nyuzi: kipi kigeuze steroidi?

Masika yakishika Malindi, mkate wa juzi huota ukungu mweusi, mara nyingi Rhizopus. Mwaka 1952, Peterson na Murray wa kampuni ya Upjohn, Marekani, walieleza jinsi jamii hiyo inavyotia hidroksili (oksijeni na hidrojeni) kwenye kaboni ya 11 ya projesteroni, homoni ya aina ya steroidi. Kotisoni, dawa ya uvimbe inayoweza kutengenezwa kwa njia hiyo, ikashuka bei.

Nyuzi za kuvu, yaani mwili wake unaokua, zina kidogo mno kimeng'enya, protini ifanyayo kazi hiyo, mpaka zionje projesteroni. Ndipo zinakiunda kwa wingi. Ukitia sikloheksimidi, inayozuia uundaji wa protini, uchochezi huo hufa. Kwa hiyo tia projesteroni kidogo kwanza, subiri, kisha mimina iliyobaki. Kero ya nyuzi ni mchuzi mzito kama uji: kuchuja humo dawa safi ni kazi ya punda.

Spora (chembe za uzazi) za kuvu mwingine, Aspergillus ochraceus, huvunwa, zikaoshwa, zikatiwa kwenye maji yenye glukosi bila nitrojeni. Hazioti, ila zinageuza steroidi, na maji hayawi mazito kama uji. Zaidi ya hapo, zinakaa kwenye friza zikingoja zamu yao. Kwa maabara ndogo ya Malindi ningechukua spora bila kusita, lakini kwa barakoa: kuvu huyu hutoa sumu ya okratoksini.