Kingamwili ya CtBP2 kwa kutazama tepe za sinapsi: yafaa kwa sikio, yasumbua kwa pineali

Nimeijaribu kingamwili hii, yaani protini inayoinasa protini iitwayo CtBP2 ili ionekane kwa rangi kwenye darubini, katika tishu tatu za panya. Nilitafuta tepe za sinapsi, vijimuundo vinavyoshikilia vifuko vya kemikali za kupitisha ishara pale seli zinapokutana, na ubora wake ulibadilika sana kulingana na seli niliyokuwa nikiitazama. Katika sikio la ndani iliniridhisha: kwenye sehemu ya chini ya kila seli nywele (seli inayopokea sauti) vilionekana vidoa ving'avu, vilivyotengana kiasi cha kuhesabika kimoja kimoja. Kwenye retina, ambako utepe wa seli ya kupokea mwanga hupinda mithili ya kwato, picha ilitoka safi.

Kero ni viini vya seli. RIBEYE, protini kuu ya utepe iliyotambuliwa mwaka 2000, hutokana na jeni ileile ya CtBP2, na sehemu yake ya B inakaribia kuwa sawa kabisa na CtBP2, hivyo kingamwili huzishika zote mbili na viini, ambamo CtBP2 hukaa, navyo huwaka. Kijikaratasi cha muuzaji hakitaji jambo hili hata kwa neno moja, nami nilipoteza siku mbili nikidhani nimekosea kuosha. Sikioni hilo si tatizo, maana kiini kikubwa hujitambulisha chenyewe. Lakini katika tezi ya pineali iliyo ubongoni, yenye seli zilizosongamana, nililazimika kuongeza rangi ya DNA ili nivitenge viini, na hata hivyo ni sampuli za usiku pekee, wakati ambapo tepe huongezeka, zilizonipa picha ya kueleweka.

Kwa sikio na retina nitainunua tena. Kwa pineali nitatafuta inayolenga sehemu ya A, ambayo ni ya RIBEYE peke yake.