Visu vya kukunja vya zamani Moshi: uzoefu wangu wa kununua na kuuza

Masika ndiyo msimu wa kununua visu Moshi. Mvua ikikolea Aprili na Mei, wageni wa mlimani hupungua, na wapagazi, wagumu kama wanavyoitana wenyewe, hukaa mjini wakisubiri Juni. Hapo ndipo zawadi walizoachiwa na wageni zinapoanza kuingia sokoni: viatu, tochi za kichwani, makoti na, kwa bahati yangu, visu. Kisu chekundu cha Uswisi ninachokipata soko la mitumba la Memorial kwa shilingi 20,000 mwezi wa tano, ukimrudia muuzaji yule yule Agosti anakutajia 45,000 bila kupepesa. Ana haki. Agosti mifuko ina tipu, na waongoza watalii wenyewe wanavitaka.

Ila si kila chekundu ni mali. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, abiria wa ndege walikatazwa kubeba visu mkononi, na vile vilivyokamatwa kwenye viwanja vya Marekani viliishia kuuzwa kwa mafungu, vingine kwa uzani. Mpaka leo vile vidogo vyenye mkasi na tupa ya kucha vimejaa mtandaoni. Ukikipata kwa elfu tano, mpe mwanao akate nyuzi za daftari, faida hakuna.

Ninachokitafuta hasa ni kisu cha askari wa Uswisi: mpini wa alumini wenye vinundu vidogo vidogo, na ngao ndogo nyekundu yenye msalaba. Kilianza kutolewa mwaka 1961 na kikaendelea mpaka jeshi lilipoleta kisu kikubwa cha kijani mwaka 2008. Chini kabisa ya ubapa, pale unapoingia kwenye mpini, zimepigwa tarakimu mbili za mwaka, kwa mfano 67 au 84. Wauzaji wetu hukidharau kwa sababu hakina mkasi wala kizibuo cha mvinyo, na rangi yake ni ya sufuria. Kuna kijana wa Kiborloni aliniongezea kimoja bure kama nyongeza ya koti. Sikumwambia kitu siku ile, lakini sasa namwambia, na bei zake zimepanda.

Angalia pia jina. Kampuni mbili zililihudumia jeshi hilo, Victorinox ya Ibach na Wenger ya Delémont. Victorinox iliinunua Wenger mwaka 2005, na baadaye jina la Wenger likaondolewa kwenye visu. Tangu hapo chochote kilichoandikwa Wenger kinatafutwa zaidi kuliko kilivyotafutwa wakati kampuni iko hai. Ukitaka kukitambua bila miwani, fungua mkasi: wa Wenger una meno madogo madogo kwenye makali.

Adui wa biashara hii ni mnoa visu wa baiskeli. Nawaheshimu, mama yangu hawezi kupika bila wao, lakini kisu kikishapita kwenye lile jiwe linalotoa cheche, ubapa unabaki mwembamba kama ulimi wa mjusi na mnunuzi wa Ujerumani anakata nusu ya bei kwa kuona picha tu. Kwa hiyo swali langu la kwanza sokoni haliko kwenye bei. Nauliza, "Kimenolewa wapi?" Akijibu kwa fahari kwamba kimenolewa vizuri kwa mashine, nashukuru naondoka. Kama hakijapita kwenye mashine, nakifungua na kukifunga karibu na sikio. Springi nzima inapiga tak. Iliyochoka inalegea tu kimya. Kibanio na kijiti cha meno vikikosekana siogopi, vipuri vyake vinapatikana kwa bei ndogo. Na ukikifikisha nyumbani usikisugue kwa msasa wala stili waya. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio, basi. Ule ukijivu wa umri ndio anaoulipia mtu.

Visu vya Sheffield, mji wa Uingereza wa watengeneza visu, nimeviona zaidi Arusha, kwenye maduka ya vinyago, hasa vya Joseph Rodgers & Sons vyenye alama ya nyota na msalaba. Hapa sina ushabiki. Bei wanazotaja wenye maduka ni za mtalii, na simulizi zinazokuja na kisu huwa ndefu kuliko kisu chenyewe. Utaambiwa kwamba kwa kuwa hakikuandikwa England, basi ni cha kabla ya 1891. Si lazima. Kuandika nchi kulitokana na sheria ya Marekani kwa bidhaa zilizoingia kwao; kisu kilichoelekezwa kwingine hakikubanwa nayo.

Sasa Okapi. Hii ndiyo yetu, ingawa wengi hawajui. Ilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani Afrika, na sisi tulikuwa ndani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 inatoka Afrika Kusini. Mpini wa mbao, mapambo ya miezi na nyota, na nyuma kuna pete unayoivuta ili ubapa ukubali kurudi. Ukiufungua unalia krr-krr-krr. Ya Afrika Kusini ni kisu kizuri cha kazi, lakini yenye neno Solingen ni kitu kingine, na huipati mjini. Unapanda kuifuata kwa wazee, Uru au Marangu, na huko pesa taslimu haina nguvu sana. Mzee mmoja baada ya shikamoo na chai ndefu aliniambia, "Kijana, niletee kipya kinachokata migomba, hilo jina ubaki nalo." Nikapeleka kipya na kilo mbili za sukari juu. Sijaona biashara safi kuliko hiyo.

Kuuza ndiko kunakochosha. Madalali wa mjini wanataka sehemu yao pande zote mbili. Mtandaoni, usiangalie bei wanazoomba watu. Angalia zilizokwisha kulipwa, maana tofauti yake inaweza kuwa mara mbili. Nauli ya kifurushi inakula faida ya kisu kimoja, kwa hiyo natuma vitatu vinne pamoja. Wateja wangu wakubwa walikuwa Wamarekani, hadi Agosti 2025 nchi yao ilipofuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800. Tangu hapo kila mmoja anataka nimpunguzie ushuru wake kwenye bei yangu. Nimewageukia Wajerumani. Wanauliza maswali mengi, wanataka picha ya kila pembe, lakini wakilipa wamelipa.

Kama biashara, naipa nyota tatu kati ya tano: mtaji unalala miezi, na ukinunua Agosti umekula hasara tayari. Kama starehe, nyota tano zote. Visu vya askari nauza bila majuto. Okapi za Solingen siuzi, ingawa mgeni mmoja wa Hamburg aliziona na kuniganda. Nikamtajia bei ya kumfukuza. Akasema atafikiria, na sasa naogopa asije akakubali.