Kliniki ya selimundu hospitali ya wilaya: manesi wazuri sana, dawa ndo shida

Nampeleka mwanangu kliniki ya selimundu (sickle cell, ule ugonjwa wa damu wa kurithi) hospitali yetu ya wilaya huku Kanda ya Ziwa na kwa kweli manesi wa pale wanajua kazi, hawana makelele, yule dada wa zamu alinishika mkono akauweka tumboni kwa mtoto upande wa kushoto chini ya mbavu akanionyesha bandama inavyopapaswa, akasema mama ukiona imevimba ghafla na mtoto amepauka usisubiri kesho, njoo hata usiku wa manane. Kwingine kote sijawahi kuelezwa hilo. Foliki asidi na penisilini tunapata. Shida haidroksiurea, dirishani unaambiwa imeisha kanunue nje, na ndo dawa inayopunguza yale maumivu ya mifupa, ikikosekana mtoto analazwa, shule haendi, na mimi genge nafunga. Tanzania inakadiriwa wanazaliwa watoto kama 11,000 kila mwaka na ugonjwa huu, jamani ni familia ngapi hizo zinafilisika kimya kimya! Wenye bima ulizeni kwanza kama inalipia hiyo dawa. Nawapa nyota nne, zote za manesi.